Polisi wa Norrköping na Mikono Yake

Jumatano, tarehe 3 Agosti 1932, katika ukumbi wa Olympic Auditorium jijini Los Angeles, mieleka ya mtindo huru ya Michezo ya Olimpiki ilifikia tamati. Bingwa wa uzito wa kilo 79 alikuwa Mswidi wa miaka 29, Ivar Johansson, askari polisi wa mji wa Norrköping. Kyösti Luukko wa Ufini alishika nafasi ya pili, József Tunyogi wa Hungaria ya tatu. Mwingine angekunja nguo zake, akala akashiba, akalala usingizi wa mshindi. Johansson hakuwa na ruhusa hiyo. Kesho yake mieleka ya Greko-Romani ilikuwa inaanza, naye alitakiwa kushindana katika uzito wa chini kuliko huo, kilo 72. Mizani ilikuwa bado haijamkubali.

Mabingwa wa mieleka ya ridhaa kati ya vita vikuu viwili vya dunia ni wengi, na baadhi yao wana sifa zinazostahili kitabu kizima. Kwa ufundi, hata hivyo, simwoni wa kumtanguliza mbele ya huyu. Katika wiki moja alifanya kazi mbili zinazofanana kwa jina tu, kwa mikono ileile, na katikati ya kazi hizo mbili akaufanyia kazi mwili wake mwenyewe. Kila hatua ya wiki ile ina jambo la kutazamwa bila pupa.

Tuanze na mizani. Johansson alipunguza takriban kilo 5 kwa kufunga kula na kukaa kwenye chumba cha mvuke. Ni rahisi kulisema. Mtu mwenye mafuta mwilini huyapunguza taratibu, wiki hata wiki, lakini mwanamieleka aliyetoka kushinda mashindano makubwa hana mafuta ya kutoa. Anachotoa ni maji. Huketi kwenye joto hadi jasho limtoke usoni, halafu kifuani, halafu mapajani na kwenye mashavu ya miguu, ambako huchelewa. Hutoka nje akajifuta kwa taulo, kwa sababu jasho likibaki juu ya ngozi linazuia jingine kutoka. Hujifunika, akapumzika, akarudi ndani. Midomo hukauka, mate yakawa mazito. Kila tone la maji linalotamaniwa ni uzito, hivyo mtu husukutua kinywa na kutema. Hupanda mizani, akasoma, akashuka, akarudi kwenye mvuke.

Hapa ndipo wengi huharibu. Mwenye pupa hukaa ndani mpaka magoti yanalegea. Uzito anaupata, nguvu za kupigania hana tena. Ustadi ni kuujua mwili wako kiasi cha kutambua ni jasho gani unaweza kulitoa na ni lipi litakudai baadaye ukiwa mkononi mwa mpinzani. Madaktari wa leo hawaipendi njia hii, na wana haki. Kijana anayejifunza mieleka asiijaribu. Lakini kwa mtu wa mwaka 1932, aliyekuwa na usiku mmoja tu kati ya taji na mizani, ilikuwa sehemu ya kazi, naye aliifanya kwa kipimo. Alhamisi alipita.

Kwa nini kilo 72? Kila nchi iliruhusiwa mtu mmoja kwa kila uzito, na katika kilo 79 za Greko-Romani Uswidi ilikuwa na Axel Cadier, ambaye mwishoni aliondoka na shaba. Dhahabu ya uzito huo ilibaki kwa Väinö Kokkinen wa Ufini, bingwa tangu Amsterdam 1928. Nafasi iliyokuwa wazi kwa Johansson ilikuwa chini yao, kwa mwenye uwezo wa kuifikia.

Msomaji aliyezoea mieleka ya televisheni, ile ya kuruka kutoka juu ya kamba na kupigana viti, aiweke pembeni kwanza. Mieleka tunayoizungumzia haina kamba wala kelele za mtangazaji. Ina mkeka, mwamuzi, na watu wawili wanaotafuta jambo moja: mabega yote mawili ya mwenzako yaguse mkeka. Katika mtindo huru unaweza kumshika popote, hata miguuni, na unaweza kutumia mguu wako kumkwatua. Mtindo huo Johansson alikuwa amekwisha kuushinda. Mikono ilijifunza kushuka: mkono mmoja nyuma ya goti la mpinzani, bega likisukuma paja lake, kichwa kikiwa upande wa ndani, mguu wake ukiinuliwa mpaka abaki na mmoja usiotosha. Kwa siku tatu mwili wake uliishi kwa kanuni hiyo.

Greko-Romani inaifuta kanuni hiyo. Huruhusiwi kushika chochote chini ya kiuno, huruhusiwi kukwatua wala kuinua kwa mguu. Miguu imebaki na kazi ya kusimama, kutembea na kubeba. Anayehama kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine ndani ya usiku mmoja hana budi kuisahaulisha mikono yake ilichokuwa inakifanya jana. Mkono unaoona goti liko wazi hutaka kushuka wenyewe, nao ni lazima uzuiwe kabla haujaanza. Kizuizi hicho, ambacho mtazamaji hakioni hata kidogo, nakihesabu miongoni mwa mambo magumu zaidi aliyoyafanya Johansson wiki ile.

Pambano la Greko-Romani huanza kwa jambo linaloonekana kama si jambo. Watu wawili wanasimama, mguu mmoja mbele kidogo, magoti yamekunjwa, vifua vimekaribiana, vichwa vimeegemeana sikio kwa sikio. Aliye juu jukwaani atasema hawafanyi kitu. Atazame mikono. Mkono mmoja umekaa kisogoni kwa mpinzani, wa pili uko ndani ya kiwiko chake. Kila mmoja anataka kupitisha mkono chini ya kwapa la mwenzake mpaka kiganja kiwe mgongoni, kwa sababu mwenye mikono ya ndani ndiye anayeamua kiwiliwili cha mwenzake kielekee wapi. Mpinzani analijua hilo, hivyo anabana kiwiko ubavuni na kuingiza kiganja chake kati ya kifua na mkono uliomwingia. Unatolewa, unaingia tena. Anatolewa, anaingia tena. Mikono inapapasa kama ya mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani.

Fundi hujulikana hapa. Anayeanza huingiza mkono kwa nguvu, kiwiko kikiwa kimepanuka, na mara hiyohiyo ameacha uwazi chini ya kwapa lake mwenyewe. Fundi huingia kiganja kikitazama juu, kiwiko kikiwa kimegandamana na ubavu, na huingia pale tu mpinzani anapohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwa sababu mtu anayehamisha uzito hawezi kwa wakati huohuo kubana kwapa kwa nguvu zote. Muda huo ni mfupi mno. Unakuja, unapita, na ukikosa husubiri mwingine. Ndiyo maana pambano la dakika 20, ambao ndio ulikuwa muda wa mtindo huu katika miaka hiyo, linaweza kupita nusu yake bila mtu kuanguka, na bado likawa limejaa kazi tupu.

Dakika hizo 20 zenyewe zilikuwa huruma. Mwaka 1912 mjini Stockholm, kabla ya vita vya kwanza, Martin Klein aliyekuwa akiiwakilisha Urusi na Alfred Asikainen wa Ufini walishindana kwa saa 11 na dakika 40. Klein alishinda, akawa amechoka kiasi kwamba hakuweza kusimama kwenye pambano la dhahabu. Kizazi cha Johansson kilirithi mchezo ambao muda wake umewekewa ukingo, lakini hulka ya kusubiri ilibaki ileile.

Mkono ukishapata njia, kazi hubadilika mwendo. Chukulia mtupo wa mkono na nyonga, ambao kila mwanamieleka wa mtindo huu ameufanya mara zisizohesabika mazoezini. Mkono mmoja unakamata wa mpinzani juu ya kiwiko na kuuvuta kuvuka kifua. Mguu unapiga hatua fupi kuingia kati ya nyayo zake. Mwili unageuka mpaka mgongo unagusa kifua chake. Magoti yanakunjwa, nyonga zinashuka chini ya nyonga zake, na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini: kama nyonga hazikushuka vya kutosha, hakuna mtupo, kuna kusukumana tu. Zikishuka, magoti yananyooka na uzito wote wa mpinzani unapanda mgongoni. Kichwa cha mtupaji kinageukia upande anaokwenda, na mwili wa mpinzani unafuata. Miguu yake inapita hewani juu ya bega la mtu ambaye hajakwatua chochote.

Mtupo mwingine, wa kurudi nyuma, unatisha zaidi na unataka imani zaidi. Mikono inafungwa kiunoni mwa mpinzani, mara nyingi ikikamata na mkono wake mmoja humohumo. Hatua inakaribishwa mpaka nyayo ziko kando ya nyayo zake na tumbo limegusana na tumbo. Kisha mtupaji anapinda mgongo kurudi nyuma kwa makusudi, macho yakitafuta mkeka ulio nyuma yake, na kwa muda mfupi wote wawili wanaanguka pamoja. Kabla ya kufika chini anageuza mwili ili anayetua chali awe mwenzake. Akigeuka mapema, mshiko unalegea. Akichelewa, mabega yake mwenyewe ndiyo yanayogusa mkeka. Hakuna nguvu inayoweza kurekebisha kosa la kugeuka. Ni mazoezi ya miaka.

Kama nusu ya pambano ilipita bila mmoja kuonyesha ubora wa wazi, waamuzi waliwashusha chini kwa zamu. Mmoja alipiga magoti, viganja juu ya mkeka, mwenzake akamshika kutoka nyuma, kisha wakabadilishana. Sehemu hii watu wengi huiona ya kuchosha. Mimi ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu hapa ufundi hauna pa kujificha.

Aliye chini hujilaza tumbo, hutanua mapaja, hubana viwiko, hujifanya mpana na mzito. Aliye juu hukaa kando ya kiuno chake na kifua kikiwa juu ya mbavu, ili kila anayetaka kuinuka ainuke na uzito wa watu wawili. Mikono inazunguka kiuno na kukutana. Hairukiwi kazi ya kuinua. Kwanza hujaribu kumviringisha upande wa kushoto, si kwa kutaka ashindwe hapo, ila kwa kutaka akaze upande huo. Akikaza kushoto, kulia kumelegea kidogo. Anajaribu kulia. Halafu kushoto tena. Mpinzani anachoka kwa kukaza, na pumzi ya kuchoka husikika kifuani kwa aliye juu kabla ya kuonekana na mwamuzi. Ndipo mshiko unapogeuzwa, kifua kikiwa mgongoni kwa mwenzake na kichwa kikielekea miguuni kwake, na mtu mzima wa kilo 72 ananyanyuliwa kutoka mkekani akiwa amelala tumbo.

Au inatumika njia ya polepole zaidi. Mkono unapita chini ya kwapa la aliyelala, kiganja kinapanda mpaka kisogoni, na kiwiko kinakuwa wenzo. Kichwa kinasukumwa chini, bega linainuliwa juu. Hakuna kishindo. Ni shinikizo linaloongezwa kidogo, likishikiliwa, likiongezwa tena, na bega linaanza kutoka mkekani. Mwanamieleka anayezungushwa hivi ana kimbilio moja, daraja: anapinda mgongo, utosi na nyayo vikiwa ndivyo pekee vinavyogusa chini, shingo ikibeba uzito wake na wa mwenzake. Shingo za watu hawa zilikuwa nene kwa sababu hii. Aliye juu haparamii daraja kwa vishindo. Anashusha kifua chake juu ya kifua kilichopinda, anakumbatia kichwa na mkono kwa pamoja, na anangoja shingo iamue.

Kulikuwa na hesabu pia, nayo ilimtaka mtu mwenye subira. Mashindano yaliendeshwa kwa alama za hasara. Aliyemlaza mpinzani chali hakupata hasara yoyote. Aliyeshinda kwa uamuzi wa majaji alibeba alama 1. Aliyeshindwa alibeba 3, na aliyefikisha 5 alikuwa nje. Maana yake ushindi wa kubahatisha haukutosha. Mtu aliyeshinda mapambano yote kwa majaji alikuwa akijikusanyia deni polepole, na aliyethubutu kutupa bila kuwa tayari aliweza kulala chali kwa pupa yake mwenyewe. Kila mmoja alilazimika kupima ni pambano gani la kumalizwa na lipi la kulindwa. Kwa mtu aliyeingia akiwa amekauka maji mwilini, kipimo hicho kilikuwa kigumu maradufu: hakuwa na pumzi za kupoteza kwa majaribio.

Mashindano ya Greko-Romani yalikwenda hadi tarehe 7 Agosti. Yalipokwisha, dhahabu ya kilo 72 ilikuwa ya Johansson. Väinö Kajander wa Ufini alikuwa wa pili, Ercole Gallegati wa Italia wa tatu. Hakuna mwanamieleka kabla yake aliyekuwa ameshinda mitindo yote miwili katika Olimpiki moja.

Hakuwa peke yake katika ustadi huo. Kati ya dhahabu 14 za mieleka za Los Angeles, Uswidi ilichukua 6. Mojawapo ilikuwa ya Carl Westergren, dereva wa basi wa Malmö, aliyekuwa na miaka 36. Westergren alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa Greko-Romani mwaka 1920 katika uzito wa kati na mwaka 1924 katika uzito unaofuata. Sasa alishinda uzito wa juu kabisa. Johansson alishuka kwenye mizani, Westergren alipanda na miaka yake. Hawa walikuwa watu wa ridhaa kweli: mmoja alirudi kwenye zamu ya polisi, mwingine kwenye usukani.

Wala ufundi huu haukuwa mali ya nchi za theluji peke yao. Miaka minne kabla, mjini Amsterdam, Ibrahim Moustafa wa Misri, mzaliwa wa Alexandria, alikuwa ametwaa dhahabu ya Greko-Romani katika uzito wa kilo 82.5, akiwaacha nyuma Mjerumani Adolf Rieger na Mfini Onni Pellinen. Ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda dhahabu ya mieleka ya Olimpiki. Jina lake halitajwi mara nyingi huku kwetu tunapohesabu mabingwa wa bara hili, na linastahili kutajwa.

Johansson aliendelea. Kati ya mwaka 1931 na 1939 alijikusanyia mataji tisa ya Ulaya katika mitindo yote miwili. Mwaka 1936 mjini Berlin, akiwa na miaka 33, alirudi kwenye kilo 79 za Greko-Romani na kupata dhahabu yake ya tatu mbele ya mwenyeji, Ludwig Schweickert. Vita vikaja, na miaka ambayo huenda angeitumia kuwafundisha vijana mkekani kwenye mashindano makubwa ikapita bila mashindano makubwa.

Katika Olimpiki hiyohiyo ya Berlin, Kristjan Palusalu wa Estonia naye alishinda mitindo yote miwili, na heshima yake ni kubwa. Yeye alikuwa wa uzito wa juu, zaidi ya kilo 87, ambako wakati huo hakuna aliyeulizwa amezidi kiasi gani. Aliyebadilisha mtindo na uzito ndani ya wiki moja, akashinda kote kuwili, Olimpiki imempata mmoja tu.